Aya ya ngapi? Wiki nane katika darasa la kusoma sheria, Langoni

Haya nayaandika nikimfikiria mtu mmoja: aliyejisajili kusomea sheria mwaka huu, diploma au digrii, akaletewa orodha ya kesi 40, na hakuna aliyekaa naye kumwonyesha kesi husomwaje. Mwezi wa Januari mtu huyo nilikuwa mimi. Nina miaka 38, ni karani wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) hapa Lamu, na diploma yangu naisoma kwa mbali: masomo yanakuja kwa simu, mitihani naifuata Mombasa. Chuo kilichonisajili kilinitumia faili la kurasa 212 na ujumbe wa kunitakia kila la heri. Kurasa 30 za kwanza nilizisoma mara tatu. Kila nikizima simu, kilichobaki kichwani ni majina ya Kizungu na miaka.

Darasa lenyewe liko Langoni, juu ya duka la vitambaa, kichochoro kimoja kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Halina kibao mlangoni, lakini ukiuliza darasa la sheria la Jumamosi hata watoto watakupeleka. Linakwenda wiki nane, saa tatu asubuhi hadi saa sita na nusu, ada shilingi 4,500 pamoja na kijitabu. Wanaosomesha ni wawili: wakili mstaafu aliyezungukia mahakama za Malindi na Mombasa miaka mingi, ambaye sote twamwita Maalim, na dada mmoja mkutubi ambaye kazi yake ni kutufundisha kutafuta. Kundi letu lilikuwa watu 14. Wengi ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama mimi, wawili wanasomea kazi ya magereza, mmoja ni askari wa kaunti, na mmoja ni mama wa makamo kutoka Faza, msaidizi wa kisheria wa kujitolea, aliyekuwa akivuka kila Ijumaa na kulala kwa dadake ili asikose kipindi.

Jumamosi ya kwanza Maalim hakuandika kitu ubaoni. Alimtaka kila mtu aeleze kesi moja anayoijua. Zamu yangu ilipofika nikaeleza kesi ya bandari ya Lamu, ile ya wavuvi wetu walioathiriwa na mradi wake, na niliieleza vizuri kwa sababu nimeisimulia miaka mingi ofisini na kwenye baraza. Nilipomaliza akaniuliza, "Umeisoma?"

"Naiyua, Maalim."

"Sikukuuliza waiyua. Hayo uliyosema kwamba mahakama imesema, ni aya ya ngapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunifedhehesha, aliuliza kwa upole kama mtu anayeuliza njia. Lakini swali lile lilinirudisha mbali. Sote tuliopita chuo cha Kurani utotoni, tuliokaa chini na ubao, twajua kwamba ukisema "Mungu amesema" mbele ya mwalimu utaulizwa sura gani na aya ya ngapi, na usipojua unanyamaza mpaka ujue. Hukumu za mahakama nazo zimepangwa kwa aya, kila aya na nambari yake. Ni neno hilo hilo. Na bado mtu mzima husimama mbele za watu akasema "mahakama imesema", asiulizwe na mtu yeyote. Kwa wiki nane zilizofuata, hakuna sentensi iliyopita katika chumba kile bila swali hilo, na kwangu mimi hilo peke yake lilifidia ada yangu yote.

Kesi yenyewe ni ombi nambari 22 la mwaka 2012, Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine 11, hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 30 Aprili 2018. Kiasi kila mtu hapa anakijua: shilingi 1,760,424,000 kwa wavuvi 4,600. Tuliigawanya barazani, ikatoka 382,000 na ushei kwa kila mtu, na tangu hapo hesabu ile ikawa ndiyo kesi. Nilipoisoma mwenyewe, wiki ya tatu, nikaona pesa ni kipande kimoja tu. Kabla ya kufika kwenye pesa, majaji walijibu maswali ambayo barazani hatukuwahi kuyataja: je, wananchi walipewa habari za mradi inavyopasa? Walishirikishwa? Haki ya mazingira safi ya Ibara ya 42 ilivunjwa? Na utamaduni wa watu wa Lamu je, nao una ulinzi wa sheria? Kumbe sisi tulioathirika tulikuwa tumeshika mkia wa habari. Nikajifunza pia kwamba hukumu si mwisho wa safari, maana baada yake rufaa ilikatwa na mazungumzo ya nje ya mahakama yakafanyika, na anayeinukuu bila kueleza hayo amesimulia nusu.

Namna ya kusoma tuliyofundishwa haikuanza ukurasa wa kwanza, na hili ndilo lililonifungua. Kwanza unatazama kichwa: nani dhidi ya nani, mahakama gani, majaji wangapi, tarehe gani. Kisha unaruka hadi mwisho kabisa kusoma amri zilizotolewa. Ukishajua nani alishinda na alipewa nini, unarudi katikati kutafuta mahali majaji walipoorodhesha maswali ya kuamuliwa. Hapo tena ndipo unapoanza mwanzo, ukisoma habari za tukio huku ukijua unatafuta nini. Mimi niliyekuwa nikizama kwenye ukurasa wa tatu wa kila hukumu nilimaliza moja ya kurasa 24 kwa kikao kimoja, na niliielewa. Ukimaliza, unafunga karatasi na kuandika muhtasari kwa maneno yako, nusu ukurasa, usizidi: tukio, swali, jibu, sababu. Ukijikuta unafungua tena kuchungulia, anza upya.

Ugumu uko kwenye hiyo "sababu". Jaji huandika mengi, na si yote yanayofunga mahakama nyingine. Kuna kiini cha uamuzi, wanachokiita ratio, na kuna maneno ya pembeni ambayo jaji ameyasema akipita. Kutenganisha hivyo viwili ndiyo kazi ya mwanasheria, na Maalim aliitengea Jumamosi nzima, ya nne, ambayo nitaikumbuka muda mrefu.

Alikuja na chupa moja ya Stoney Tangawizi, akaiweka mezani, akatusimulia. Tarehe 26 Agosti 1928, mji wa Paisley, Uskoti, mwanamke mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafikiye mkahawani. Chupa ilikuwa nyeusi, ndani hakuonekani. Alipomiminiwa iliyobaki, kukatoka, kwa madai yake, konokono aliyeoza. Akaugua. Hakuweza kumdai mwenye mkahawa kwa mkataba kwa sababu mnunuzi ni rafikiye, si yeye. Akamshtaki mtengenezaji, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili wakaamua kwamba mtengenezaji anaweza kudaiwa na mtu aliyekunywa hata kama hawakuuziana kitu. Hiyo ndiyo kesi ya Donoghue na Stevenson, na kila mwanafunzi wa sheria anayesoma kwa mapokeo ya Kiingereza huipitia.

Kisha akauliza: kiini chake ni nini? Kijana mmoja akasema, konokono asiwemo kwenye soda. Maalim akaitoa chupa, akaweka tembe za dawa. "Na hii?" Tukasema nayo pia. Akaziondoa, akaonyesha dirishani, kule boti zinakofungwa. "Fundi katengeneza mashine ya boti, mwenye boti kalipa. Mashine imezimika kwenye mkondo wa Mkanda, abiria kaumia. Abiria hakumlipa fundi. Je?" Hapo darasa likagawanyika. Askari wa kaunti akasema abiria ana kesi. Mama wa Faza, ambaye safari hizo ndizo maisha yake, akasema inategemea kama mwenye boti alipata nafasi ya kuikagua mashine kabla ya kupakia watu, kwa kuwa yule wa soda hakuweza kuona ndani ya chupa. Maalim alinyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Mamangu, hilo ulilolisema limo ndani ya hukumu, na wewe hujaisoma bado." Ukweli ni kwamba uwezekano wa kukagua katikati ya safari ya bidhaa ni sehemu ya kanuni waliyoiweka majaji wale. Yule mama alilifikia kwa akili yake na ujuzi wa bahari. Nilifurahi kama aliyesifiwa ni mimi.

Jambo moja zaidi la kesi ile ambalo wengi hawalijui: hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kwamba konokono alikuwemo. Majaji waliulizwa swali la sheria tu, kwamba kama madai ni kweli, je, yana msingi, na baada ya hapo pande mbili zikapatana. Tukaambiwa tuandike ukutani mwa vichwa vyetu tofauti ya "imedaiwa" na "imethibitishwa". Wanaosomea magereza waliandika hilo kwa herufi kubwa.

Vipindi vya kutafuta vilikuwa vya dada mkutubi. Chombo kikuu ni tovuti ya Kenya Law, yenye hukumu za mahakama, ambayo haina malipo, na ambayo mimi nilikuwa nikiifungua kama mtu anayeingia duka kubwa asijue anachotaka. Alitufundisha kusoma anwani ya kesi kama unavyosoma anwani ya nyumba: mwaka, kisha herufi za mahakama, kisha nambari. KESC ni Mahakama ya Juu, KECA ni ya Rufaa, KEHC ni Kuu, KEELC ni ya Mazingira na Ardhi. Hukumu za zamani kidogo zina eKLR baada ya mwaka. Ukishazijua herufi hizo unajua uzito wa ulichoshika kabla hujasoma neno, maana kwa Ibara ya 163(7) ya Katiba mahakama zote isipokuwa Mahakama ya Juu yenyewe zinafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Juu.

Zoezi lake lilikuwa kesi ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa Lamu. Nusu yetu tuliandika kwamba leseni ya mradi ule wa megawati 1,050 ilifutwa na Mahakama Kuu. Si kweli. Iliyoifuta, tarehe 26 Juni 2019, ni Jopo la Kitaifa la Mazingira, na rufaa ya uamuzi wa jopo lile ikapelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi. Sisi wenyeji, tuliovaa fulana za kupinga mradi, hatukujua ni nani aliyetupa ushindi.

Lakini somo lililonitia hofu ni la kesi ya Muruatetu, inayohusu hukumu ya kifo. Mwenzetu mmoja, kijana hodari anayesoma kuliko sisi sote, aliandika kazi nzuri kwamba hukumu ya kifo ya lazima haipo tena Kenya, akanukuu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 14 Desemba 2017. Aya alizitaja, nambari zote sawa. Dada mkutubi akamwuliza kama ametazama yaliyofuata. Hakutazama. Akatufungulia sote: tarehe 6 Julai 2021 mahakama ile ile ilitoa maelekezo kwamba uamuzi wake ulihusu kosa la mauaji pekee, kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, wala si wizi wa mabavu na makosa mengine. Kijana alikuwa ameijenga hoja yake juu ya mtu aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu. Fikiria huyo ni mteja, yuko ndani, na mamake anasubiri nje. Tangu siku hiyo sinukuu kesi bila kuangalia imetajwa wapi baadaye.

Na programu za akili unde? Ziliguswa, na ni vyema. Mmoja wetu alileta kesi ya ardhi ya Lamu aliyopewa na programu ya simu, yenye jina, mwaka na nambari. Tuliitafuta kwa nusu saa. Haipo. Tukaelezwa habari ya mawakili wa New York waliotozwa faini ya dola 5,000 mwezi Juni 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT. Kanuni ya darasa ni kwamba unaweza kuiuliza mashine, lakini kitakachoingia kwenye karatasi yako ni kile tu ulichokifungua ukakiona kwa macho.

Kuhusu kudurusu sina mengi, ila kwamba yale yale ya chuo cha Kurani yanafaa: kusema kwanza kwa moyo, kisha kufungua kusahihisha, na kurudia baada ya siku moja, tatu, wiki. Kusoma tena na tena kwa macho kunakudanganya kwamba umeshika.

Kazi za kusoma nilizifanya maktaba ya Ngome ya Lamu. Ni baridi, ni kimya, na upepo unaingia. Siku moja nilikuwa nikiandika muhtasari wa Ibara ya 49 na ya 50, haki za aliyekamatwa na haki ya kusikilizwa kwa usawa, kwamba afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa. Nikainua macho kuzitazama zile kuta. Jengo lile lilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Babu yangu mzaa mama alifungwa mle miezi miwili na hakuwahi kujua kosa lake liliandikwaje. Nilikaa pale mpaka wakaja kufunga.

Sasa kasoro, maana zipo. Kijitabu kimepigwa chapa hafifu, kurasa 17 hadi 20 hazisomeki, na nilipolalamika niliambiwa ningoje toleo jipya ambalo sikuliona. Kazi ya pili tuliyoandika ilirudishwa wiki ya mwisho. Masahihisho yakija umeshamaliza kozi, utajirekebisha wapi? Intaneti ya darasa ni moja kwa watu 14, na siku ya zoezi la kutafuta tulikaa tukitazama duara likizunguka. Somo la namna ya kunukuu, ambalo chuo changu kinakata alama nyingi kwalo, lilipewa dakika 40 kwa sababu umeme ulipotea. Lilistahili Jumamosi yake.

Kubwa zaidi ni lugha. Maalim anasomesha Kiswahili safi, lakini hukumu ni za Kiingereza na hakuna faharasa ya maneno. Kila mtu alikuwa na tafsiri yake: mmoja anaandika mdai, mwingine mlalamishi, mwingine mleta ombi, na kisheria kila neno ni mtu tofauti. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kurasa mbili za maneno 100 zingetosha, na nimejitolea kusaidia kuziandika. Nangoja jibu.

Kwa upande huo huo, kazi ya mwisho ndiyo iliyonipendeza kuliko zote: chukua aya tano za hukumu, uziandike Kiswahili ambacho mtu asiyesoma sheria atakifuata, kisha umsomee mtu huyo. Mimi nilichukua kesi ya bandari. Niliwasomea wavuvi ofisini kwetu baada ya Isha, wanane hivi, kahawa ikipita. Nilipofika penye haki ya kupewa habari, ami yangu mmoja akanikatiza. Yeye huvua tangu kabla sijazaliwa. "Hiyo imeandikwa, au wasema wewe?"

"Imeandikwa, ami."

"Wapi?"

Nikamtajia nambari ya aya. Akanitaka nimwandikie kwenye karatasi. Akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa kanzu, nami nikaendelea kusoma.

Kundi jingine laanza baada ya Idi. Njooni na daftari lenye mistari, kalamu za rangi tatu, na hukumu mlizopakua nyumbani kabla, kwa sababu ya ile intaneti. Kupiga chapa ni shilingi 10 ukurasa duka la chini, na hukumu ya bandari ni ndefu, kwa hiyo isomeni kwenye simu na mpige chapa kurasa za amri peke yake. Viti vya karibu na dirisha vinakwisha kabla ya saa tatu.